Mgeni kaandika "blush": tumemtia aibu au tumemfurahisha?

"Shikamoo mwalimu. Nafanya kazi mapokezi kwenye gesti moja hapa Mikindani, Mtwara. Mwezi uliopita tulikuwa na mgeni, bibi wa Kiingereza wa miaka sabini na kitu, akakaa siku sita. Alipoondoka aliandika kwenye kitabu cha wageni: 'At first blush the town seems asleep. Then people talk to you. The girl at reception paid me compliments that made me blush every morning.' Meneja akapiga picha ukurasa, simu ikamtafsiria: 'Kwa aibu ya kwanza mji unaonekana umelala. Kisha watu wanazungumza na wewe. Msichana wa mapokezi alinilipa pongezi zilizonitia aibu kila asubuhi.' Sasa nimetakiwa kuandika barua ya kujieleza: nilimwambia nini mgeni hadi aaibike kila siku, na hizo pongezi alizilipia shilingi ngapi? Wallahi nilikuwa namsifia kanga alizojifunga na Kiswahili chake, basi. Mwenzangu wa jikoni anasema blush ni ile poda nyekundu ya mashavuni, labda bibi kadhani namcheka alivyojipaka. Mdogo wangu wa kidato cha tatu anasema ni kuwa mwekundu kwa aibu, na sisi weusi neno hilo halituhusu. Lakini mimi mwenyewe nikisifiwa mbele za watu masikio huwaka moto. Nani mkweli? Na meneja nimwandikie nini?"

Marahaba, mwanangu. Kwanza vuta pumzi. Bibi yule hakukushitaki. Alikusifu, tena kwa namna ya watu wa kwao, ya kuingilia mlango wa uani. Mwingereza wa umri ule haandiki kirahisi kwamba alifurahi sana kusifiwa. Anaona kama anajikweza. Anaandika kwamba uso ulimpata joto, msomaji amalizie mwenyewe. Meneja wako angeutia ukurasa ule kwenye fremu autundike ukutani badala ya kukudai barua. Na hizo pongezi "alizolipa" wala hazina risiti: kwa Kiingereza sifa hulipwa kama deni, maana yake ni kumsifu mtu tu.

Wote walio karibu nawe wameshika kipande. Mdogo wako ana nusu ya ukweli, wekundu kweli umo. Mwenzako wa jikoni ana pembe moja, poda ya jina hilo ipo. Aliyepotea ni simu, na imepotea kwa kosa ambalo hata wafasiri wazoefu hulifanya. Nitakaa hapo kidogo, maana ndipo penye kiini cha swali lako.

Blush, kama kitenzi, ni uso kupata wekundu na joto kwa sababu mtu amejihisi anatazamwa. Amesifiwa, amefumaniwa, ametajwa jina mkutanoni bila kutarajia, amekutana uso kwa uso na yule anayempenda kimoyomoyo. Damu inapanda mashavuni, masikioni, shingoni, wakati mwingine hadi kifuani juu, inakaa kidogo, inashuka. Kama nomino, ni huo wekundu wenyewe. Angalia basi neno linataja nini: linataja kinachoonekana kwenye ngozi. Moyoni kuna nini, halisemi. Sisi kwa Kiswahili tunakwenda njia nyingine. Tunataja kilichomo moyoni, haya au aibu au soni au fedheha, na uso tunamwachia msikilizaji auone mwenyewe. Dalili ya mvua ni mawingu: bibi yako ametaja wingu, sisi tumezoea kutaja mvua.

Taabu ni kwamba wingu hilo moja hubeba mvua za kila aina. Karani wa chama cha msingi akiulizwa mbele ya wakulima yale magunia mawili ya korosho yaliyopungua yako wapi, uso ukamchemka, hiyo ni aibu. Mwanafunzi aliyejisahau akamwita mwalimu wake "mama", darasa zima likaangua kicheko, huyo ametahayari. Bi harusi akisikia wifi zake wanamtaja kwa nyimbo, huyo anaona haya, na moyoni anacheka. Mwingereza huwapa wote watatu neno moja. Kamusi nayo haina la kufanya ila kuyaorodhesha yote: ona haya, tahayari, iva uso, ona aibu. Simu ikadaka moja ikaenda nalo.

Jibu lilikuwa ndani ya sentensi yenyewe. Ukikutana na blush, usilitazame hilo kwanza. Rudi nyuma utafute kilicholisababisha. Kwako kilichosababisha ni sifa. Hakuna lugha ninayoijua ambamo mtu husifiwa kanga zake zinavyompendeza halafu akawa amevunjiwa heshima.

Sasa, haya na aibu. Ni kweli mitaani siku hizi tunasema "huyu mtoto ana aibu" tukimaanisha anaogopa wageni, kwa hiyo mpaka kati ya maneno haya mawili umelegea, na siilaumu simu moja kwa moja. Lakini jaribu kuyatia kwenye kitenzi uone. "Nimeona haya" anaweza kuisema mtu anayetabasamu. "Umenitia aibu" haisemwi kwa tabasamu. Kumtia mtu aibu ni kumvua nguo sokoni. Ukitaka kumsifu binti wa watu unasema ana haya, ukitaka kumtukana unasema hana haya; hapo haya ni pambo, ukilikosa umepungua. Aibu ni doa. Asili zao Kiarabuni ndivyo zilivyo: haya limetokana na neno la staha, aibu na neno la dosari. Tafsiri ya simu imechukua pambo ikaandika doa, na wewe ukaitwa ofisini.

Tahayari nalo lina kisa. Watu wengi hudhani ni mtoto wa haya kwa kuwa yanafanana sura. Kwa asili ni majirani tu. Tahayari limetoka kwenye neno la Kiarabu la kuduwaa, kupotewa na la kufanya. Ndiyo maana mtu aliyetahayari humwoni akikimbia; anasimama, mikono hajui aiweke wapi, anarekebisha kola ambayo haikuharibika. Mimi hulipenda kwa baadhi ya blush, zile za mtu aliyejikwaa maneno, lakini kwa bibi wa kusifiwa nisingelitumia, lina uzito wa kosa. Soni unalijua, Wayao wa Masasi wanalo kwenye lugha yao, na Kiswahili kinalo vilevile. Ni zuri, ila vijana wakilisoma wanadhani ni jina la redio.

Nije kwa mdogo wako na hayo masikio yako yanayowaka.

Ngozi ya uso ina mishipa midogo mingi ya damu, tena iko karibu na juu. Mishipa hiyo inaongozwa na neva ambazo hatuziamrishi, zile zile zinazoupeleka moyo mbio na kutoa jasho la ghafla. Unapohisi macho ya watu yamekugeukia, neva hizo zinapiga kengele. Kwenye vidole mishipa ya ngozi mara nyingi hujibana kengele hiyo ikilia, ndiyo sababu mtu mwenye wasiwasi mikono humpoa. Usoni hali hugeuka, mishipa inatanuka, damu ya moto inajaa, na unasikia masikio yanachemka huku vidole ni baridi kama samaki wa barafu. Hakuna anayeweza kulifanya hili kwa kutaka. Mwigizaji hodari atalia machozi kwa amri, lakini mwambie aivishe mashavu kwa haya, atabaki anakukodolea. Wala hakuna anayeweza kulizuia kwa kutaka, mwambie mtu "ona anavyoona haya!" uone linavyozidi. Mtoto mchanga hana jambo hili kabisa. Linakuja akishaanza kujua kwamba watu wanamwona na wana maoni juu yake.

Hakuna popote katika maelezo hayo palipotajwa rangi. Damu inapanda kwa mweusi kama inavyopanda kwa mweupe, joto ni lile lile. Tofauti ni pazia: kwenye ngozi yenye rangi nzito wekundu hufunikwa, kwa maji ya kunde huonekana kidogo au mashavu huzidi weusi, kwa Mzungu unaonekana toka ng'ambo ya barabara. Kwa hiyo wewe, mwanangu, ume-blush mara nyingi tu. Ulikosa shahidi.

Hili lilikwisha kuchunguzwa zamani. Daktari Thomas Burgess, aliyetoa kitabu kizima juu ya jambo hili mwaka 1839, alieleza habari za mwanamke mweusi mwenye kovu jeupe usoni: kila aliposemeshwa kwa ghafla, lile kovu liligeuka jekundu. Pazia lilikuwa limetoboka mahali pamoja, na kilicho nyuma yake kikaonekana. Mwaka 1866 Livingstone alishuka hapo hapo Mikindani kuanza safari yake ya mwisho, na mwaka uliofuata mwanasayansi Charles Darwin, akiwa kwake Uingereza, alikuwa anasambaza orodha ya maswali kwa wamisionari na watu wengine waliokaa ng'ambo, likiwamo hili: je, watu wa huko uso huwaiva kwa haya, pale rangi ya ngozi inaporuhusu kuona? Majibu aliyatia kwenye kitabu chake cha 1872 kuhusu jinsi hisia zinavyojionyesha kwa binadamu na wanyama, na hitimisho lake lilikuwa kwamba watu wa jamii nyingi, na huenda zote, wanalo. Akaliita jambo la kibinadamu kuliko maonyesho mengine yote ya hisia.

 Na zamani hizo yalikuwapo maneno mabaya juu ya jambo hili. Wahispania wa Amerika ya Kusini walikuwa na kejeli juu ya wenyeji: utamwaminije mtu asiyejua kuona haya usoni? Yaani kwa kuwa wekundu hawakuuona, wakasema na haya yenyewe haimo. Kwenye pwani yetu hii, palipouzwa watu, unaweza kufikiri mwenyewe maneno ya namna hiyo yalimfaa nani. Mwambie mdogo wako haya kwa upole, asidhani namsuta. Yeye kalisikia mahali akalibeba. Neno linatuhusu. Macho yao ndiyo yalikuwa hayajazoea kusoma nyuso zetu.

Maana nyuso zetu tunazisoma, ila tunaanzia pengine. Wewe umekulia huku, umemwona mwali anapotolewa unyagoni: kanga kichwani, shingo imeinama, macho chini, watu wanamtunza na yeye hata hatazami nani katunza nini. Hakuna anayemkagua mashavu. Haya yake iko shingoni na machoni. Na binti akisifiwa barazani, kidole gumba cha mguu kinaanza kuchora mchanga, ncha ya kanga inakwenda mdomoni, "aah, nanyi!", uso pembeni. Hiyo ndiyo blush yetu, imehamia miguuni. Tunasema uso umeumbwa na haya, na yule asiyekuwa nayo tunasema ana uso mkavu. Huo ukavu nao Waingereza wanao kwa neno hili hili: wakitaka kumtaja mwongo aliyekubuhu humwita mtu asiye-blush. Hapo lugha mbili zimekutana bila kuulizana.

Niseme kidogo kuhusu hayo masikio, ingawa mimi ni mtu wa lugha na si daktari. Joto la dakika chache ukisifiwa, likapita, halina dawa wala halihitaji. Lakini yako mambo ya kwenda kuonyesha. Kama unaanza kukwepa kazi, kunyamaza vikaoni, kutotoka nje kwa kuogopa tu kwamba uso utawaka, zungumza na mhudumu wa afya; hofu ya namna hiyo ina matibabu, na mengi ni ya kuzungumza tu. Kama uso unachoma siku nzima, una vipele au unawasha, bila mtu yeyote kukutazama, nenda kituo cha afya au hospitali ya Ligula ukaonane na daktari wa ngozi, na usisubiri uone wekundu, kwa sababu kwenye ngozi yetu ugonjwa wa wekundu huchelewa kutambuliwa. Mama wa makamo anayepandwa na joto la ghafla huenda ni ukomo wa hedhi. Na kama kuna mkorogo unapakwa, huo huikondesha ngozi hadi mishipa ikajitokeza. Wekundu wa mkorogo si wa haya, ingawa ungepaswa.

Tofauti na flush sasa, kwa kuwa mwalimu wa mdogo wako ataiuliza. Flush ni uso kupata wekundu kwa sababu yoyote ya joto: homa, hasira, kupanda kilima cha Newala kwa miguu, au kibuyu cha uraka kilichopita kipimo. Blush inahitaji macho ya watu, hata yakiwa ya kufikirika. Mvuvi aliyerudi feri uso umemwiva kwa jua haja-blush. Akiambiwa mbele ya wenzake kwamba mkewe anamsubiri na mwavuli, hapo labda.

Na brush. Ukanda wetu huu r na l hubadilishana viti, na mimi nimefundisha miaka mingi kule juu kwenye tambarare. Siku moja nilitoa sentensi kwenye imla, msichana amesifiwa na mwalimu akaona haya. Nilisoma "blushed", na mtoto mmoja akaandika "brushed", kisha chini yake, kwa mwandiko safi kabisa, akaweka tafsiri: "Mwalimu alipomsifu, Maria alipiga mswaki." Nilimpa nusu alama kwa kuwa sarufi ilikuwa sawa, na hadi leo siwezi kusahihisha neno hilo bila kumwona Maria na povu mdomoni. Kwa hiyo ukilitamka, l iwe l: blash, a fupi, ikatike mapema.

Poda ya mwenzako wa jikoni ipo kweli. Wamarekani huiita blush, Waingereza huiita blusher, saluni zetu wanasema blasha. Imepata jina hilo kwa kuwa inamwigia mtu damu ya haya. Lakini poda haimfanyi mtu ku-blush, inapakwa, na sentensi ya bibi haina cha kupakwa wala dalili ya kuchekwa. Iko pia divai ya waridi inayouzwa Marekani kwa jina hilo. Tuliache.

Kwenye kutafsiri, nikikupa chaguo zangu, hakuna lililo timilifu. "Uso ulimwiva" ni zuri kwa sikio. Ukipanda kutoka Mikindani mwezi wa kumi ukatazama mikorosho utaona mabibo yalivyoiva, mengine ya njano, mengine mekundu kabisa, na ndiyo picha iliyomo. Kasoro yake ni kwamba msomaji wetu akisikia uso umeiva, haraka anafikiria hasira, kwa hiyo ongeza "kwa haya". "Aligeuka mwekundu" mimi siipendi. Inanusa tafsiri, na juu ya mhusika wa huku kwetu, wa Mahuta au Kitangari, inakuwa uongo wa wazi. "Alisawijika" ni kosa kabisa, hapo rangi inakimbia badala ya kuja. "Aliona haya" ni salama karibu kila mahali, gharama yake ni kwamba uso umepotea. Ukiwa unafasiri hadithi na una nafasi, mwinamishe mtu shingo, mpe ncha ya kanga. Ukiwa unafasiri cheti, mkataba au maelezo ya polisi, usibuni wala usiamini simu. Tafuta mfasiri aliyeapishwa, maana kati ya haya na aibu mtu anaweza kushitakiwa.

Imebaki ile "aibu ya kwanza". Hapa niliposoma nilicheka peke yangu, unisamehe. Blush ni neno kongwe. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa kung'aa, kuwa na wekundu, na lina undugu na neno la mwenge. Baadaye, katika Kiingereza cha enzi za kati, likapata maana ya pili, kutupa jicho. Maana hiyo ya pili imekufa kila mahali isipokuwa ndani ya msemo mmoja, "at first blush", kama jiwe la ukuta wa zamani lililobaki kwenye nyumba mpya. Maana yake ni kwa kutupia jicho mara ya kwanza, kabla hujachunguza. Haina haya wala aibu wala shavu. Bibi alifika Mikindani, akaona magofu, mibuyu, maji ya ghuba yametulia na watu wamejikalia kivulini, akadhani mji umelala. Kisha mkamsemesha.

Iko moja nyingine inayofanana, ya "I blush to say". Mtu akikuandikia hivyo, ni naona haya kusema, bila mzunguko wowote.

Barua basi. Isizidi nusu ukurasa, na usijitetee, kwa sababu hukukosa. Andika hivi: "Neno lililotafsiriwa kama aibu, kwa mahali lilipo, lina maana ya kuona haya kwa kusifiwa, na ni la shukrani. Maneno ya mgeni kwa Kiswahili ni haya: 'Kwa kuutupia jicho mara ya kwanza, mji unaonekana umelala. Kisha watu wanakusemesha. Binti wa mapokezi alikuwa akinisifu kila asubuhi hadi naona haya.'" Soma tena hiyo "alikuwa akinisifu hadi naona haya". Mtu yeyote wa Mtwara akiisikia anajua kwamba aliyesema amefurahi.

Ipeleke mwenyewe, msizungumze kwa ujumbe wa simu; simu imeshafanya yake. Mkiweza, nendeni na mwalimu wa Kiingereza wa sekondari ya karibu, afungue kamusi mbele ya meneja, kwa sababu wakubwa wengine huliamini neno likitoka kwa mtu wa tatu. Meneja akiwa bado na shaka, anwani ya mgeni mnayo kwenye fomu ya kujiandikisha: mwandikieni mumshukuru na mumuulize. Hatachukia, na nadhani akisoma kilichotokea uso utamwiva mara ya pili. Na barua yako uiambatanishe na picha ya ukurasa wenyewe, wenye mwandiko wa bibi, si ile iliyokwisha kupita kwenye tafsiri.